Siku tisa mkoani Tanga: tuanzie wapi, tuache nini?

Msomaji mmoja wa Dodoma ameniandikia kwamba yeye, mkewe na binti yao mwenye umri wa miaka 12 wamepata siku tisa katika likizo fupi ya shule ya mwezi Septemba, na wamekusudia kuzitumia mkoani Tanga. Wanasafiri kwa basi, wanapenda kutembea kwa miguu, na orodha yao ni ndefu: Lushoto, Mtae, Amani, Mapango ya Amboni, Magofu ya Tongoni, Pangani, Kisiwa cha Maziwe na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Anauliza waanzie wapi, waache nini, na kama katika njia za Usambara ni lazima kumchukua mwongozaji au wanaweza kutembea wenyewe.

Ndugu msomaji, kabla ya kununua tiketi ya basi, tafuta kalenda inayoonyesha mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Katika orodha yako yote ni mahali pamoja tu ambapo hapatakusubiri, napo ni Maziwe. Milima, mapango na magofu utayakuta siku yoyote utakayofika. Maziwe ni fungu la mchanga linaloibuka maji yakipwa na kuzama maji yakijaa, kwa hiyo siku ya kulifikia haichagui msafiri wala nahodha, inachaguliwa na bahari. Tarehe za likizo ya shule huwezi kuzisogeza, lakini mpangilio wa njia unaweza kuugeuza upendavyo, na ndiyo maana nakushauri uanze kuipanga safari yako kutoka hapo.

Hesabu yenyewe si ngumu, na wavuvi wa pwani yetu wanaijua bila kitabu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku tatu au nne zinazofuata, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani ya Tanga kupwa kwa mchana huangukia kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana, kukisogea mbele kwa zaidi kidogo ya nusu saa kila siku. Ukiwa na kalenda ya Hijria, siku hizo ni zile za kuanzia tarehe 1 hadi 4 na tarehe 15 hadi 18 kwa makisio. Nusu ya mwezi inapofika huja maji mafu, ambapo bahari hupanda kidogo na kushuka kidogo, na kupwa huangukia alfajiri na jioni. Mwaka mmoja niliwapeleka wageni Maziwe katika siku za maji mafu kwa sababu tulikuwa tumekubali tarehe bila kuuliza, tukazunguka kwa boti juu ya maji ya kijani tukiambiwa kwamba kisiwa kiko chini yetu. Watoto waliokuwa wamebeba ndoo za kuchezea mchanga walirudi nazo zikiwa kavu, na sijalisahau jambo hilo.

Tuchukulie kwanza kwamba bamvua linaangukia mwishoni mwa likizo yako, kwa kuwa hiyo ndiyo hali inayoruhusu njia ninayoipenda kuliko zote: kuanzia juu milimani na kuteremka pamoja na maji hadi baharini. Sisemi hivyo kwa kupamba maneno. Mto unaoporomoka kwenye maporomoko ya Soni, kando ya barabara ya Lushoto, huteremka hadi Mombo, ukaingia mto Mkomazi, na Mkomazi ukaingia mto Pangani, ambao unakuja kutoka Kilimanjaro na Meru na kumwaga maji yake mbele ya mji wa Pangani. Njia ambayo maji huifuata ndiyo iliyofuatwa pia na misafara ya biashara, na watawala wa Kishambaa, na baadaye Wajerumani waliokuja kwa kuipanda kinyume. Mtu anayeanza na magofu ya pwani akiwa hajaiona milima hutazama kuta nzuri bila kufahamu utajiri uliozijenga ulitoka upande gani.

Siku ya kwanza yote itakwisha barabarani, kwa kupitia Morogoro, Chalinze, Segera na Korogwe. Ukifika Mombo jua limeshazama, lala hapo hapo au Korogwe, usipande usiku. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni takriban kilomita 33 tu, lakini ni kona juu ya kona, mwamba upande mmoja na korongo upande mwingine, na binti yako angekosa kuona jinsi joto la nyanda linavyobaki nyuma na migomba inavyoanza kushikilia miteremko. Barabara ile ilichongwa wakati wa Wajerumani, waliouita mji wa Lushoto Wilhelmstal na kuutumia kama mahali pa kukimbilia joto la pwani. Mji uko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi. Septemba baridi kali ya Juni na Julai imekwisha kupungua, lakini asubuhi bado utahitaji sweta.

Sasa nijibu swali lako la mwongozaji, kwa sababu hapa ndipo linapoanza kuwa na maana. Njia za Usambara si njia zilizotengenezwa kwa ajili ya watalii. Ni njia za watu kwenda shambani, kisimani, sokoni, kanisani na msikitini, nazo hugawanyika kila baada ya hatua mia mbili, moja ikaishia kwenye uwanja wa nyumba ya mtu na nyingine katikati ya shamba la maharage. Kwa matembezi mafupi na yanayojulikana, kama yale ya Irente, familia inayozungumza Kiswahili haitapotea, kwa kuwa kila unayekutana naye atakuonyesha njia ukimsalimu vizuri kwanza. Ndani ya hifadhi za misitu mambo ni tofauti: huko kibali ni lazima, na usiingie bila mwongozaji anayetambuliwa na ofisi ya hifadhi. Hata pale ambapo hulazimiki, mimi ningemchukua mwongozaji kwa angalau siku moja nzima kati ya siku zako za Lushoto. Njia anaijua, lakini thamani yake kubwa iko katika majina: mti huu unatibu nini, bonde lile ni la ukoo gani, kwa nini msitu ule mdogo haujakatwa ilhali mingine yote imekwisha.

Waongozaji utawapata katika ofisi za utalii wa kitamaduni zilizo karibu na kituo cha mabasi cha Lushoto. Wapo pia vijana watakaokufuata mara tu unaposhuka kwenye gari, na baadhi yao ni wazuri, lakini usikubaliane bei barabarani. Nenda ofisini, ulizia kitambulisho, elewaneni mapema kuhusu saa za kutembea, chakula cha mchana na ada za kuingia, na hakikisha unapata stakabadhi. Chukua kitambulisho chako cha taifa, kwa sababu ada ya raia wa Tanzania ni ndogo sana ukilinganisha na ya mgeni, na usitegemee kulipa fedha mkononi kwenye lango: ada za serikali hulipwa kwa namba ya malipo unayopewa, kwa simu au benki, na mtandao wa simu ukiwa hafifu ndani ya msitu utajuta kwamba hukulipia mjini.

Irente ni mwendo wa kilomita tano au sita kutoka Lushoto, na ningekwenda asubuhi mapema au baada ya saa tisa alasiri, kwa kuwa katikati ya mchana ukungu wa joto hufunika nyanda zote. Mnapita kati ya nyumba na bustani za mboga, mkikutana na watu waliobeba matenga ya kabichi. Hapo mpisheni aliyebeba mzigo, nanyi msimame upande wa mlima, si upande wa bonde. Kisha ardhi inakatika ghafla. Chini yako, karibu mita elfu moja, kuna nyanda zilizotandazwa hadi upeo wa macho, mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari, barabara kuu, na reli ambayo ujenzi wake ulianza Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911.

Kaeni pale zaidi ya muda wa kupiga picha. Upande ule wa nyanda kuna Mazinde, na jina hilo ndilo ufunguo wa historia ya milima hii. Masimulizi ya Washambaa yanasema kwamba mwindaji aitwaye Mbegha alitoka Nguu, akawagawia watu nyama, akaua simba aliyekuwa akiwasumbua, nao wakampa utawala na jina la Simba Mwene. Kizazi chake, Wakilindi, kilitawala kutoka Vuga, si mbali na Soni. Chini ya Kimweri ye Nyumbai utawala huo ulifika hadi pwani, na mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Vuga mwaka 1848 alikuta mfalme ambaye amri zake zilisikika kwa mwendo wa siku nyingi. Kimweri alifariki mwaka 1862. Baada yake mwanawe Semboja alijiimarisha Mazinde, kule chini kwenye njia ya misafara, mahali ambapo bunduki zilipatikana kwa urahisi kuliko mlimani, na ufalme uliokuwa umeketi juu ukavunjwa na nguvu iliyojengwa bondeni. Mambo haya yote unaweza kumwonyesha binti yako kwa kidole kutoka juu ya mwamba mmoja: pale juu Vuga, pale chini Mazinde, na kati yake mteremko. Mimi sijui darasa la historia lililo bora kuliko hilo katika mkoa mzima.

Siku nyingine iwe ya msitu wa Magamba, ambao ni hifadhi ya mazingira asilia. Hapo ndipo mwongozaji anapolipwa kwa haki. Mwende polepole, kwa sababu anayekimbia kwenye msitu huu anaona vigogo tu, na anayesimama huona mbega weusi wenye mabega meupe wakiruka juu ya vilele, na vinyonga wenye pembe puani, ambao wengine hawapatikani popote duniani nje ya milima hii. Vaeni viatu vyenye soli ya meno. Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa huteleza kama sabuni, na mvua ndogo ya usiku mmoja inatosha.

Mtae nakushauri uiache. Najua inauma, kwa kuwa kijiji kile kimekaa kwenye ncha ya milima kama kwenye pua ya jahazi, na jioni unaiona nchi ya Mkomazi na Kenya ikibadilika rangi chini yako. Lakini kufika kwa basi na kurudi kunakula siku mbili, na njia ya miguu ya kutoka Lushoto kupitia vijiji vya katikati inataka siku tatu au nne za kutembea kwa bidii. Ihifadhi kwa likizo itakayokuwa ya Mtae peke yake.

Kutoka Lushoto kwenda Amani ondokeni alfajiri. Ramani itakudanganya, kwa sababu inaonyesha Usambara Magharibi na Usambara Mashariki zikiwa jirani. Kati yake kuna bonde la Lwengera, na kwa basi ni lazima kushuka Mombo, kupita Korogwe na Segera hadi Muheza, kisha kupanda tena. Magari ya kutoka Muheza kwenda Amani ni machache, na ukilikosa la mchana utalazimika kukodi.

Watu wengi waliokwisha kuona Lushoto huniuliza kwa nini wapande mlima mwingine. Jibu ni kwamba huu ni msitu wa namna nyingine kabisa. Usambara Mashariki imeielekea bahari. Pepo zenye unyevu wa Bahari ya Hindi hukutana na ukuta wake kwanza, hupandishwa, hupoa na kumwaga mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, mnyororo wa milima ya kale ambao misitu yake ilibaki na unyevu katika vipindi ambavyo nchi iliyoizunguka ilikauka, hivyo viumbe vyake vikakaa peke yao kwa muda mrefu mno na kuwa tofauti na jamaa zao wa kwingineko. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, aliona ua dogo la zambarau lililoota kwenye mawe yenye kivuli, akapeleka mimea au mbegu kwao. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mtaalamu wa mimea, akalipa jina la Saintpaulia, na leo ua hilo limo kwenye madirisha ya nyumba za watu dunia nzima. Hapa linaishi kwao, kwenye ufa wa mwamba, likiwa na majani yenye manyoya laini yanayoshika matone ya maji. Litazameni, msiling'oe hata jani moja.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani kituo cha utafiti wa mimea na kilimo, wakaleta miti kutoka pembe zote za dunia: mikwinini kwa ajili ya dawa ya malaria, miti ya mpira, viungo na mbao. Bustani hiyo ipo bado, kubwa na yenye kivuli, na ni jambo la kusisimua kutembea kati ya miti ya Asia na Amerika ya Kusini iliyozeeka pamoja. Iangalieni pia kwa jicho la pili. Mti uitwao Maesopsis eminii, ulioletwa kwa ajili ya mbao, ulitoka nje ya mipaka yake kwa msaada wa ndege wanaokula matunda yake, na umeenea ndani ya msitu wa asili, hasa pale ukataji ulipoacha mapengo. Mwongozaji mzuri atakusimamisha mahali ambapo upande mmoja ni msitu wa kale na upande mwingine ni Maesopsis, na tofauti ya mwanga inaonekana hata kwa mtoto. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa rasmi mwaka 1997, na ndani na pembeni yake kuna mashamba ya chai, na iliki, pilipili manga na mdalasini za wanavijiji, hivyo mnapotembea harufu hubadilika kila baada ya muda mfupi.

Ombeni matembezi ya usiku, japo ya saa moja. Kinyonga akilala hupauka, na mwanga wa tochi ukimpata kwenye ncha ya kijiti anaonekana mweupe kama jani lililokauka, macho yamefumba, mkia umejikunja mviringo kama chemchemi ya saa. Vyura wadogo huita kutoka kwenye majani, na mwongozaji atawatofautisha kwa sauti kabla hajawaona. Msiwaguse. Jicho la mtoto wa miaka 12 huwa kali kuliko letu katika kazi hii, na bintiyo atakuwa wa kwanza kuwaona nusu yao.

Jiji la Tanga nalipitia haraka, kwa kuwa nusu siku inatosha kuona jumba la makumbusho katika boma la zamani na makaburi ya wanajeshi wa mapigano ya Novemba 1914, ambapo jeshi la Waingereza lililokuwa na askari wengi kutoka India lilishindwa na kikosi cha Wajerumani na askari wa Kiafrika kilichokuwa kidogo mara kadhaa, huku makundi ya nyuki yaliyochokozwa na risasi yakiwashambulia watu wa pande zote. Mapango ya Amboni yako kilomita nane hivi kaskazini mwa jiji, bajaji inafika. Ni mapango ya chokaa, yaliyochimbwa na maji katika mawe ya enzi ya Jura, na humo ndani utaambiwa kwamba kuna njia inayofika Mombasa. Msikilize mwongozaji kwa heshima, lakini ujue kwamba uchunguzi uliofanywa mwaka 1994 ulionyesha kuwa pango refu kuliko yote halizidi mita 900 hivi. Utaona pia chupa za marashi, vitambaa na ubani vilivyoachwa na watu waliokuja kuomba. Msivipige picha bila ruhusa na msiviguse. Ukumbi mmoja unapitika kwa kuinama sana, kwa hiyo mwenye magoti mabovu au woga wa mahali pafinyu aseme mapema, kabla hajafika katikati.

Tongoni, kwa upande wangu, ndipo penye uzito wote wa pwani hii, na ningepapa asubuhi nzima. Ni kijiji kilichoko kilomita zipatazo 20 kusini mwa Tanga kwenye barabara ya Pangani. Mwambie dereva akushushe penye kibao, kisha mtembee kuelekea baharini. Kuna msikiti uliobaki kuta na mihrabu, na makaburi zaidi ya 40, ambayo zaidi ya 20 kati yake yalijengewa nguzo. Hakuna mahali pengine katika pwani ya Afrika Mashariki penye makaburi mengi ya nguzo namna hii. Mji huu ulistawi katika karne ya 14 na ya 15 kwa jina la Mtangata. Mwaka 1498 meli ya Vasco da Gama iitwayo São Rafael ilikwama kwenye mafungu ya jirani, na alipokuwa akirudi kutoka India, Januari 1499, aliichoma moto papa hapa kwa sababu mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuiendesha.

Sogeeni karibu na nguzo iliyosimama na mtazame vishimo vya mviringo vilivyochongwa kwenye chokaa. Humo zilipachikwa bakuli za Kichina, za rangi ya kijani na nyeupe, zilizosafiri bahari nzima ili zikae juu ya kaburi la mtu wa Mtangata. Bakuli zimeng'olewa, umebaki umbo la kitako chake, laini kiasi kwamba unaona jinsi fundi alivyolikandika tope la chokaa kulizunguka. Kila nguzo iliyoanguka imelala palepale ilipoangukia. Bahari inazidi kusogea na mizizi inapasua kuta, kwa hiyo nakusihi sana: asikae mtu juu ya kaburi, asiegemee nguzo, asiokote kigae hata kidogo. Ni makaburi, na wapo watu wa pale wanaokuja kuzuru kama tunavyozuru wazee wetu.

Pangani mtafika mchana. Mji wenyewe unatembeleka kwa saa mbili: boma, nyumba za kale zenye milango ya kuchongwa, na ukingo wa mto ambako pembe za ndovu na watu waliotekwa walipakiwa kupelekwa Unguja. Abushiri bin Salim, kiongozi wa vita vya kuwapinga Wajerumani vilivyoanza mwaka 1888, alinyongwa hapa tarehe 15 Desemba 1889. Ng'ambo ya mto, huko Kikogwe, ndiko mkonge ulipopandwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka 1893, kutokana na miche 62 tu iliyonusurika safari kutoka Florida. Ile mistari mliyoiona kutoka Irente ilianzia hapa. Simameni ukingoni maji yakipwa, muone rangi ya udongo wa milimani ikitoka hadi mbali baharini.

Kisha Maziwe. Fungu liko kilomita nane hivi kutoka mwambao, kusini-mashariki mwa mji, na boti hutoka Pangani au ufukwe wa Ushongo. Lilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, wakati huo likiwa kisiwa kamili chenye miti ya mivinje na mahali muhimu pa kasa kutaga. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha na maji yalikuwa yakikifunika chote. Kasa hawakujua kwamba kisiwa kimeondoka. Waliendelea kuja, na mayai yao yangezama kama watu wa Ushongo wasingeyahamishia kwenye mchanga wa nchi kavu hadi yanapoanguliwa.

Kivuli hakuna, choo hakuna, maji ya kunywa hakuna, hivyo bebeni kofia, maji ya kutosha na nguo za mikono mirefu. Kila mmoja avae jaketi la kuokolea maisha tangu ufukweni, si baada ya mawimbi kuanza. Septemba kusi inalegea lakini bado huweza kuvuma mchana, kwa hiyo mfike maji yakiwa bado yanapwa na mwondoke mara tu yanapoanza kurudi. Mkiogelea kwenye matumbawe, msisimame juu yake. Na nahodha akisema twende, msimwombe dakika kumi zaidi.

Saadani iacheni kabisa safari hii. Ni hifadhi nzuri, yenye zaidi ya kilomita 1,000 za mraba, ya pekee nchini ambapo nyika ya wanyama inakutana na Bahari ya Hindi, lakini bila gari lenu wenyewe mtatumia fedha ya siku tatu kwa mchana mmoja. Jioni ya siku ya nane rudini Tanga mlale karibu na kituo cha mabasi cha Kange, ili siku ya tisa mpande basi la alfajiri la kwenda Dodoma.

Hiyo ndiyo hesabu ikiwa bamvua liko mwishoni: usiku tatu milimani Lushoto, mbili Amani, moja Tanga, moja Pangani na wa mwisho Tanga. Ikiwa kalenda inaonyesha mwezi mpevu au mwezi mwandamo siku ya kwanza au ya pili ya likizo, igeuzeni safari nzima: kutoka Segera nyoosheni hadi Tanga na Pangani, mmalize Maziwe siku ya tatu, kisha mpande kupitia Tongoni, Amboni na Amani hadi Lushoto, na mrudi nyumbani kwa kushukia Mombo. Ikiwa linaangukia katikati, anzeni na Amani, mteremke Pangani, mmalizie Lushoto, mkiruka Amboni. Katika njia hizi mbili historia mtaisoma kutoka baharini kwenda juu, na itakubidi wewe baba kuwasimulia habari za Vuga mkiwa bado Tongoni, kabla hawajauona mlima wake.